Sauti ya Ngazi ya Kwanza

3 Februari

Baba mpenzi,
Shikamoo. Mimi sijambo, hofu ni kwako na macho yako. Vishikwambi vimefika darasani, kila mtoto anasoma kwa ngazi yake. Zile hadithi ulizonirekodia nimeziweka ngazi ya kwanza. Anayekosa maswali husomewa upya, anayepatia hupanda. Wakishavaa vidude vyao vya masikioni darasa zima linatulia kama limelala, nami napita katikati yao polepole, nikiogopa kuwaamsha.
Binti yako

12 Februari

Mwanangu,
Marahaba. Macho yanasuasua, ndiyo maana herufi zangu zimenenepa hivi. Mimi nilifundisha watoto sitini kwa chaki moja: wepesi walisinzia kwa kungoja, wazito kwa kutoelewa. Kwa hiyo chombo chako sikicheki. Nakicheka kidogo tu. Kikohozi changu mle hadithini wanakivumiliaje?
Baba

2 Machi

Shikamoo Baba,
Mwili mzima, moyo ndio hauna raha. Nina binti mmoja darasani, namwita Kimya. Wenzake wako ngazi ya nne, yeye hajatoka ya kwanza. Chombo kinasema haelewi. Mwalimu mkuu ameona alama zake, anataka kumrudisha darasa la chini muhula ukiisha. Nami namwona akisikiliza, kafumba macho, anatabasamu. Nifanyeje?
Binti yako

9 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Macho leo tuyaache. Ngazi ya pili inasomwa na nani?
Baba

16 Machi

Shikamoo Baba,
Wewe! Inasomwa na mashine. Nilimchukua Kimya kando nikamuuliza maswali kwa mdomo wangu. Akayajibu yote, na hadithi akanisimulia neno kwa neno, hadi kikohozi chako.
"Sasa mbona unakosea?"
"Nikipatia, babu anaondoka."
Nimelia, Baba. Wiki zote hizo nilikuwa natazama alama. Mwalimu mkuu amempa nafasi ya kupanda mpaka mwisho wa muhula. Nakuomba usome ngazi zilizobaki, kama macho yanaruhusu.
Binti yako

1 Aprili

Mwanangu,
Zote nne hizo hapo. Kitabu nilikigusisha pua. Hadithi ya mwisho kurasa zilijaa ukungu, nikaitunga mwenyewe. Usimwambie mwalimu mkuu.
Baba

20 Juni

Shikamoo Baba,
Kutoandika kwako kumenitisha, naomba jirani akusomee hii. Binti yetu amemaliza ngazi ya tano na harudishwi popote! Nilipomwambia macho yako yamechoka, aliomba kishikwambi, akakusomea hadithi yake mwenyewe, na maswali matatu mwishoni. Nimeituma kwenye simu ya jirani.
Binti yako

28 Juni

Mwanangu,
Marahaba. Mwandiko ni wa jirani, maneno ni yangu. Macho yamekwisha, usilie. Tumekaa barazani tukamsikiliza mtoto, na jua lilikuwa usoni kwangu.
Nimekosa yote matatu. Mwambie asome tena.
Babu yake