Gari Ambalo Usingeliruhusu Getini

Baba Mwenda,

Nimeuza pikapu yako. Nakuambia mapema ili usiwe unadhani bado iko nyuma ya stoo, juu ya mawe, ikikungoja. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu walikuja na lori wakaivuta, nayo ikalalamika njia nzima hadi barabarani kama ilivyolalamika maisha yake yote. Mimi nilikuwa nimesimama barazani na kikombe cha chai. Sikutoa chozi. Uliniomba nisiiuze, nikanyamaza, ukadhani nimekubali. Ndivyo ulivyokuwa. Kila niliponyamaza uliandika moyoni kwamba nimekubali.

Mahali pake sasa pana gari langu. Ni la umeme. Halinywi petroli, halina klachi ya kulitesa hili goti la kushoto, na halina mlio. Lilitumika Japani kabla ya kufika huku, kwa hiyo kila asubuhi nikiliwasha, sauti ya msichana mwenye adabu sana inaniambia kitu kwa lugha ya kwao. Sijui ni nini. Namjibu "muga", salamu ya kwetu, tunaondoka.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichochumbiana nacho pale chuo cha ualimu, mimi Mwembu nisiyejua Kimeru, wewe Mmeru uliyecheka Kiembu changu mpaka ukakosa pumzi. Na nakuandikia sasa kwa sababu daktari amesema moyo umechoka. Hakusema lini, nami sikumuuliza. Mchungaji alipanda hadi hapa akanishika mkono, akauliza kama kuna neno ningependa kuliungama. Nikampa madogo madogo, akaridhika, akala viazi akaenda. Lile kubwa nimekuwekea wewe.

Nilikudharau.

Si katika kila jambo. Hukuwa mlevi, hukuninyooshea mkono, na watoto uliwasomesha. Nilikudharau katika habari ya magari, na tangu tukuzike dharau hiyo haijapoa. Imezidi, kwa sababu sasa nina ushahidi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukifungua ile boneti? Polepole, na uso wa mtu anayesoma somo la kwanza kanisani. Na ikishafunguka, wanaume walitokea. Hata mahali pasipo na nyumba, walitoka kwenye migomba na kahawa, wakainamisha vichwa ndani, makalio yote yakinielekea mimi niliyebaki kwenye kiti na mkoba mapajani. "Ni kabureta." "Wapi, hiyo ni plagi." "Hebu mwalimu piga stata kidogo." Saa nzima. Nikishuka kuuliza, ulisema bila kuinua kichwa, "Haya ni mambo ya injini, Mama Mwenda, hutaelewa." Mimi niliyefundisha hesabu mpaka watoto wa watu wakawa mainjinia.

Siku ya kumzika mama yangu, pikapu ilizima karibu na Chuka. Hilo sikuwahi kulizungumza nawe, hata mara moja. Mabasi yalipita pale. Nikasema nipande moja nitangulie. Ukasema, "Watu wataonaje, bibi yangu ashuke kwa gari yangu apande ya wenyewe?" Basi nikakaa. Nilipofika kwetu Karurumo, maua yalikuwa yamekwisha kupangwa juu ya udongo, na dada yangu Wawira alikuwa amekaa chini kando yake, peke yake, akiniangalia nikija. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Afadhali angeuliza.

Sasa Wawira mwenyewe amezeeka kupita umri aliofikia mama. Macho yameondoka, miguu nayo imo njiani kuondoka. Alinipigia simu, mjukuu akimshikia, akasema, "Igoki, kuja nikuone." Nikampigia Mwenda kule Nairobi. Mwanao anasema kama wewe, ila kwa Kiingereza kingi. "Mum, ngoja December tukuje na gari kubwa, tukupeleke vizuri." Disemba! Mtu wa moyo kama wangu anaambiwa Disemba kama anayeambiwa kesho kutwa. Nikakata simu, nikatafuta gari.

Utauliza ninajua nini kuhusu gari la umeme. Sijui lolote. Msichana aliyeniuzia alianza kunieleza habari za seli na mikondo, nikamwambia, "Binti, nionyeshe pa kuchomeka." Akanionyesha. Fundi wa stima akanivutia waya wake peke yake kutoka kwenye mita, akaweka soketi nzito ukutani. Jioni nachomeka, asubuhi nachomoa. Namba iliyo mbele yangu inaniambia limebeba kiasi gani. Likikataa, nina simu ya yule msichana. Basi. Jokofu nalo sijui linatoa wapi baridi, na halijawahi kuniweka kando ya barabara na mkoba mapajani. Nilikaa miaka mingi nikiamini kwamba mtu hawezi kuwa na gari bila kujua majina ya matumbo yake. Mlituaminisha hivyo nyinyi. Mlikuwa mnatulindia nini?

Wanaume walikuja, bila shaka. Walisikia nina gari, wakajileta mmoja mmoja, wanasafisha koo getini. Nikawafungulia boneti kwa heshima zote. Wakainama. Ndani mna kifuniko, mna waya nene za rangi ya machungwa, na maandishi ya kuonya watu wasiguse. Wakabaki wameinama tu, mikono nyuma. Mzee mmoja wa kanisa akauliza, "Sasa mwalimu, hapa mtu anatengeneza nini?" Nikamwambia, "Hakuna. Ndiyo maana nimelinunua." Sijacheka hivyo tangu ufe.

Lakini ndugu yako Kinoti hachekeki. Alipopata habari kwamba nakwenda Karurumo alikuja mbio. "Shemeji, hiyo kitu haifiki Chuka. Itazimika huko kwa milima na wewe na moyo wako, tuje kukuokota. Mimi nimetoa pikapu za miraa Kangeta, barabara nazijua." Huo ndio wimbo wake, unaujua. Tangu aache kuendesha miraa hajaendesha kitu kingine ila mdomo wake. Akasema lazima aje nami. Na jioni kabla ya safari stima ikapotea hapa kwetu Githongo nzima. Asubuhi namba ilikuwa zaidi kidogo ya nusu. Kinoti akaitazama kwa furaha kubwa. "Si nilikuambia?"

Nilikaa kwenye usukani nikiwa na hofu, sikufichi. Wawira alikuwa amevalishwa tangu alfajiri. Nikijitia ujasiri na gari linizimikie njiani, hakuna atakayeniruhusu tena kushika ufunguo, na huenda tusionane tena, yeye na mimi. Lakini nilikuwa nimeshalizoea gari langu katika safari zangu za sokoni Nkubu. Nilijua nusu yake inanifikisha wapi. Nikamwambia Kinoti apande. Akapanda na kamba ya kuvutia, spana kwenye gunia, na jerikani la maji ya redieta. Sikujua kama gari langu lina redieta. Nilimwacha abebe.

Barabara ya kwenda Embu unaijua. Kila mto unaoshuka mlimani umeichimbia bonde lake, ni kushuka na kupanda, kushuka na kupanda. Na unawajua wanaume wenu. Wakiona mteremko wanatoa gia, gari lishuke bure, eti wanahifadhi mafuta. Wewe pia ulifanya hivyo, nikifumba macho na kusali. Kinoti akaanza kwenye mteremko wa kwanza. "Weka fri, shemeji. Weka fri uhifadhi moto." Nikamwambia gari hili likishuka likiwa kwenye gia linajirudishia moto lenyewe, na namba inaongezeka, nilikuwa nimeliona hilo mara nyingi nikirudi kutoka kanisani. Akacheka hadi akakohoa. "Mwalimu! Umeona wapi gari ikijaza tangi ikitembea? Hiyo ni hadithi ya watoto."

Tukafika mteremko wa Nithi. Mbele yetu lori la simiti, linashuka kwa kunguruma. Na ndugu yako, bila kusema neno, akanyoosha mkono akasukuma gia, akaweka fri mwenyewe.

Baba Mwenda, gari likawa jepesi. Kuna kitu hulishika kwa nyuma likiteremka, kama mtu aliyemshika mtoto kwa mkanda wa suruali, na kile kitu kikaachilia. Mgongo wa lori ukaja. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, goti likapiga kelele, nikamtoa mkono kwa kumpiga, nikarudisha gia. Gari likashikwa tena. Tukavuka daraja, tukapanda, na nilipopata mahali papana nikaegesha. Moyo wangu ulikuwa unagonga kila mahali ila kifuani.

Nikasema, "Kinoti, shuka. Ukae nyuma."

"Wewe shemeji, mimi nimetoa pikapu za miraa—"

"Ukae nyuma, ama uchukue kamba yako utembee."

Ilikuwa sauti ile ya gwaride la asubuhi shuleni. Sikujua kama bado ninayo. Mzee mzima akashuka, akazunguka, akaketi nyuma na jerikani lake mapajani, magoti yamemgusa kidevu. Chuka hatukusimama. Nilipita pale, pale penyewe, na mikono miwili kwenye usukani, na sikugeuza shingo.

Tulipokuwa tunateremkia mto Thuchi nikasikia sauti ndogo mgongoni pangu. "Imepanda."

"Nini?"

"Hiyo namba. Imepanda."

Ningetaka sana kumweleza kwa nini, lakini kwa bahati nzuri sijui.

Wawira alikuwa nje juani, kwenye kiti. Nikaingiza gari hadi uani, na kwa vile halina mlio, alisikia kokoto tu. "Nani huyo amekuja kama paka?" Nikasema ni mimi. Kisha akasema, "Umefika." Nilishuka nikapiga magoti pale pale kwenye kokoto, na goti langu hili, na kuinuka ikawa kazi ya watu wawili. Nililia, Baba Mwenda. Kwenye mazishi yako nililia kama inavyompasa mjane. Pale nililia kama mimi.

Baadaye akataka kuliona gari. Akalipapasa kutoka mbele hadi nyuma kama anayenunua ng'ombe. "Mbona haina joto? Imekufa?" Tukavuta waya kupitia dirisha la jikoni, tukalichomeka kando ya sufuria ya uji, na alipoambiwa linakula akauliza kama linashiba. Siku ya pili akasema nimtembeze sokoni Karurumo. Nilimkalisha mbele, nikashusha vioo, nikaenda polepole. Gari hilo halifuniki sauti za watu. Alimtambua kila mtu kwa sauti yake kabla hajasalimiwa. "Huyo si Muthoni? Muthoni, bado unauza ndizi mbichi ukisema zimeiva?" Soko zima likacheka. Aliniambia hajaona soko miaka mingi. Alisema hivyo, hajaona. Nami sikumsahihisha.

Tulirudi nyumbani salama, jerikani likiwa limejaa vilevile. Kinoti sasa anakaa kiwanda cha kahawa akiwafundisha wanaume jinsi gari la umeme linavyojirudishia moto kwenye mteremko. Anawachorea kwa kijiti. Wanatikisa vichwa, wananiita mimi mwenye bahati. Wacha wachore.

Nimekwisha kukudharau kwa siku ya leo. Sasa sikia hili, maana ni gumu kwangu kuliandika. Tulipokuwa tunarudi, tukiteremkia Thuchi kutoka upande wa pili, namba ikapanda, nami nikasema kwa sauti, "Unaona?" Kinoti akaitika kutoka nyuma. Sikuwa nasema naye. Nilikuwa nimekugeukia wewe. Kiti kilikuwa kitupu, na nilikasirika sana. Ningekukalisha mbele, mpumbavu wewe. Ungekaa kimya, mikono mapajani, na ungeona.

Basi pumzika. Nafasi yangu kando yako ipo, wameipanda maua ili isionekane ni nafasi ya nani, na nitakuja kuilalia kama nilivyoapa. Lakini Jumamosi hii naenda Karurumo, na ile nyingine pia, na Wawira amesema anataka kusikia maji ya Thuchi kwa karibu. Yakiisha hayo, nitakuja. Usimtume mtu kunichukua.

Igoki