Filimbi za baba mkwe

Shoga, baba mkwe amenirushia nyundo. Nyundo! Imepita sikioni ikatoboa mlango wa kabati.

Si unajua anavyojigamba, eti filimbi za bati anazotengeneza yeye hazina mpinzani, za mdogo wake ni za kuitia kuku? Leo karakanani akajifunga kitambaa machoni. "Nipigie zangu na za mdogo wangu, yule mwizi wa ufundi wangu, nikutajie."

Nikapiga za sauti ya C, akapatia. Nikapiga za sauti ya D, moja baada ya nyingine. Akaruka: "Hiyo ya pili! Sikia utamu huo! Huo ndio mkono wangu!"

Shoga, ilikuwa ya mdogo wake.

Nikacheka. Mimi, mbele ya mkwe, nikacheka!

Akavua kitambaa, akaiona. Nikadhani ataivunja hiyo. Wapi! Akashika nyundo akaponda zake, D zote za mezani, bati linaruka, mkono unavuja damu. "Na wewe ulijua! Ulijua ukanyamaza!"

Ndipo nyundo ikaja.

Niko nje ya geti. Huko ndani anaipiga ile ya mdogo wake, taratibu, wimbo wa marehemu mama yao, anaurudia na kuurudia.

Filimbi imekatika.

Shoga, nyundo inalia tena, nadhani sasa ni zamu ya hiyo.