Silva Ndani ya Jiko Langu

Maua

Njeru,

Ni nani alikutuma upake jiko langu rangi ya silva? Nilikuachia boma uliangalie, sikukuachia uwe fundi. Haya, salamu. Mko wazima? Mguu wa mkeo Muthoni umepona? Mimi niko hapa Maua, lakini nimechoka. Dada yako hajapata nguvu tangu ajifungue, na mtoto analia kama ana kesi na mtu. Bwanake anatoka na miraa ya kuuza alfajiri, akirudi ni kulala. Kuteka maji ni mimi, kufua ni mimi. Nilikuja kuona mjukuu, nimekuwa kibarua.

Muthoni ameniambia kwa simu akinong'ona, kwa sababu ulimkataza. Wewe nikikupigia hushiki, ndiyo maana naandika. Anasema umepaka mabati ya nje na geti, na yamependeza. Hayo sikatai. Lakini kuta za ndani ya jiko? Eti wakwe wa binti yenu Wanjira wakija na mahari kutoka Siakago wasione masizi. Masizi hayo ni ya nani? Si ya chakula kilichokupa hicho kitambi?

Silva naijua. Juzi bwana ya dada yako alipaka geti lake juu ya kutu, akaenda zake. Ikabanduka yote. Nani alikwangua? Mimi, mtoto mgongoni. Nikakoroga kopo mpaka chini, maana ile inayong'aa hulala chini, nikapaka nyembamba, ikakauka, nikarudia. Hata sasa mkono hauinuki vizuri. Na hiyo ilikuwa kutu tu. Wewe umepaka juu ya masizi na mafuta ya miaka yote, itashika nini?

Muthoni alipowasha moto ukuta ukatoa vipele, vipande vikaanguka kwa mahindi na maharagwe ya githeri vinameremeta. Nawe ukamwambia, "Toa na kijiko, itakuwa sawa." Toa na kijiko! Mama ya kijana akipata silva kwa sahani yake ya mukimo, atakayesemwa Siakago mpaka azeeke ni Wanjira, si wewe.

Na unajua wale akina mama wa Siakago lazima waingie jikoni waketi na sisi. Wanataka kuona msichana ametoka kwa moto gani. Jiko jeusi linawaambia hapa watu wanapikiwa. Hilo lako linang'aa kama sufuria ambayo haijawahi kuona maharagwe. Kama unaona haya juu ya jiko la mama yako, sema hivyo, usijifiche nyuma ya brashi.

Mimi sitafika siku hiyo. Dada yako siwezi kumwacha hivi. Hiyo imeniuma kuliko silva yako.

Msalimie Muthoni, na usimgombeze kwa kuniambia. Msalimie shangazi yako Ciarunji, yeye ndiye ataketi na wageni mahali pangu. Wanjira mwambie nyanya yake anamwombea, na asikubali kuharakishwa.

Ni mimi mama yako, niliye na mgongo unaouma.

Sasa sikia. Moto usiwashwe humo tena. Toa vyombo vyote, kwangua kuta mpaka bati lenyewe, ufagie, uoshe. Wageni wakifika hujamaliza, funga mlango, mpike nje, na akina mama waketi hapo kando ya moto. Barua hii usiijibu. Kwangua.