Boksi la Waya Lisitoke

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Lile boksi la waya usiwapelekee wakusanya taka za elektroniki. Nimelifungua.

Asubuhi binti yetu alikuja na flashi yenye kazi ya chuo, ya kuwasilisha leo leo. Kompyuta yako mpya, yenye tundu moja kama la sindano, ikaikataa. Mtoto akaangua kilio. Nikapekua boksi hadi chini, nikapata adapta. Ikaingia, kazi ikaenda. Akanibusu mimi, akaibusu na adapta. Wewe unakoroma tu.

Chaja zilizokufa nimezitia kwenye mfuko mweusi, hizo peleka. ~~Peleka na kompyuta yako.~~ Kompyuta ibaki, ni nzuri. Ila siku ukinunua nyingine twende wote: wewe utazame wembamba, mimi nihesabu matundu.

Mama watoto