Mama Ameahidi Kunifukuza Kazi

Rosalind, upo?

Unajua Mama anagombea ubunge wa jimbo letu la Idaho. Leo ukumbini kanisani ameahidi kuwafukuza wakutubi wote wa shule wenye vitabu "vichafu".

Wote! Na mimi nimesimama pale nyuma nawagawia watu keki!

Mzee mmoja akauliza, "Na binti yako wa maktaba ya shule je?"

Mama hakupepesa jicho. "Hata yeye."

HATA YEYE, Rosalind! Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi.

Nje nikamkabili. "Mama, umeniuza?"

Akanishika shavu. "Nakupenda, mwanangu. Lakini nilichosema nitakitenda."

Sasa yuko jikoni kwangu, anakaanga viazi na kuimba. Mimi sikaliki. Mama hajawahi kunidanganya.