Gari Uliloliacha Limefumuliwa

Baba Anjela,

Ningeanza na salamu, lakini umenikasirisha na hasira yenyewe haijaisha. Mtu mzima anakufaje gari likiwa limefumuliwa? Ungefunga kwanza. Ungerudisha hata dashibodi mahali pake, ndiyo ujilaze. Wewe umekunywa uji, ukasema kifua kinabana, ukaegemea tairi, basi. Nimebaki na pikapu iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma, waya zinaning'inia kama utumbo wa mbuzi, na vile vyuma vya kung'aa vya kuzungushia taa umeviloweka kwenye beseni langu la kuoshea mchele. Beseni langu, Baba Anjela.

Naandika mwenyewe. Darasa langu la nne unalijua, usiucheke mwandiko.

Nikueleze ya msibani, maana ulikuwepo lakini hukuona. Walinikalisha chumbani kwenye mkeka kama inavyotakiwa kwa mjane. Hatoki, haulizi kazi za nje, analia tu. Huko uani wanawake wanafagia, wanasonga ugali. Nikamsikia dada yako Skola.

"Haya matambara kwenye gari ni ya nini? Mbona kila waya imefungwa kitambaa?"

Mwenzake akamjibu, "Wifi, hapa kuna mkono wa mtu. Kaka yako alifungwa."

Yale matambara unayajua. Ni kitenge changu cha Krismasi, ulichokikata vipande bila kuniomba ili usichanganye waya. Nilikugombeza siku nzima. Ukanijibu, "Mama Anjela, kitenge kitachakaa, gari litakwenda." Chenye ua jekundu kilikuwa honi. Chenye mstari wa njano, taa za nyuma. Vingine nilipokuuliza ulisema vyote viko kichwani. Kichwa chenyewe ndicho hicho tumekizika.

Wakaanza kusali, huku Skola anayakata kwa mkasi wangu wa cherehani na kuyatia moto, padri asije akayakuta. Nilitaka kuinuka. Nikawaambia walionishika, "Niacheni nikawaeleze, ile si hirizi, ni alama zake za umeme." Wakanikumbatia. "Lia tu mama, yatoe yote." Walidhani nimechanganyikiwa. Nguo ikiungua ina harufu yake. Ikaingia dirishani, na mimi nimekaa pale nimefunikwa kanga kama mzigo wa sokoni.

Skola sijamsema. Ningemsema vizuri sana, unanijua, lakini alikuwa anakulilia wewe. Aliamini anakufungua.

Siku ya kuondoa tanga wakakaa kikao. Ndugu yako Severini akasema, "Shemeji, hili sasa ni skrepa. Linaziba uwanja, nyoka wanazaliana humo." Pikapu mliinunua wawili kwa mpunga wa shamba la baba yenu, kwa hiyo ana sauti. Nikasema mnipe muda. Akasema sawa, mpaka misa ya kumbukumbu ya mwaka. Likitembea lenyewe siku hiyo, ni la kwangu na hataligusa. Lisipotembea, linakwenda kwenye chuma chakavu. Nikakubali kwa kichwa juu. Nilifikiri ni waya tu, mtu anajifunza.

Nikamwita Hamisi, fundi umeme wa pale Kibaoni. Akajikunja chini ya usukani na tochi mdomoni, akatoka jasho linamtiririka. "Mama, aliyezijua hizi waya amelala. Tung'oe zote tutie mpya." Nikamwambia hizo waya mume wangu alizivua moja moja akazifuta kwa mafuta ya taa, wewe uzitupe? Unganisha. Basi akaunganisha kwa kubahatisha. Akiwasha taa, waipa zinapangusa kioo. Akikanyaga breki, honi inalia. Majirani wakacheka, na mimi nikacheka, ilikuwa mara ya kwanza tangu uondoke. Kisha moshi ukatoka nyuma ya dashibodi, mweusi, na waya zikayeyuka zikashikana kama ubwabwa ulioungua. Hamisi akakusanya vifaa vyake.  Hata waya mpya akaona hazitasaidia tena, kumbe moto umeshafika kwenye injini.

Ungekuwepo ungeniambia, "Basi, acha." Mimi nikahamia kwenye rangi. Nikasema hata kama halitembei, Severini akiliona linapendeza atalionea haya. Mwanao Festo akatuma kopo la rangi nyeupe kutoka mjini. Nyeupe, kama gari la ofisi. Nikaliweka uvunguni. Nikatafuta kijani ileile lililokuwa nayo, ya mpunga mchanga, nikaipata dukani, ya milango ya nyumba, nikapiga mlango wa upande wangu kwa brashi. Nilipiga vizuri. Ule mlango ndio ulisema nitapandia siku ya kwenda kwetu Michenga, kaka zangu waone, wale waliosema nimeolewa na baiskeli. Kabla haujakauka upepo ukageuka, ile mashine ya jirani ya kukoboa mpunga ikapuliza pumba zote uani kwetu. Mlango ukaota ndevu. Nilikwangua kwa kisu, kwa msasa, kwa kucha. Nikakaa chini, Baba Anjela. Sikujua kitu kingine cha kufanya, na mimi si mtu wa kutojua.

Misa imesomwa. Jina lako padri alilitaja vizuri. Watu wamekula, wamekwenda.

Jana likaja lori. Haliwezi kuingia uani, kwa hiyo ikabidi pikapu isukumwe mpaka barabarani, na ikisukumwa lazima mtu ashike usukani. Mtu wa lori akafungua mlango wa upande wangu apande. Nikamwambia atoke.

"Bibi, unajua kuendesha?"

"Sijui. Na wewe hulijui."

Severini akamwambia, "Mwache."

Nikapanda. Kiti chako kimebonyea upande mmoja, ukikaa unateleza mwenyewe mpaka ulipokuwa unakaa wewe. Sijawahi kukaa hapo. Barabara inaonekana tofauti. Wakasukuma, Severini nyuma kabisa, namsikia anavyohema. "Kata kulia, shemeji. Sasa nyoosha." Nikakata, nikanyoosha. Likanitii. Mikono ilikuwa inaniuma kwa kukaza, maana nilijua nikilegeza nitalia mbele ya watu wa lori.

Tulipofika wakaniambia nishuke. Nilisikia, ila usukani sikuuachia. Severini akafungua mlango, ule wenye ndevu, maana wa kwako umeshikwa na kutu. Akasimama pale ameushika, wala hakuniharakisha. Alikuwa anafuta uso kwa shati.

Nimeshuka. Wamelivuta kwa mnyororo, limekwenda. Uwanja umekuwa mkubwa, sijui niupeleke wapi. Beseni nimelisugua lakini mchele bado unanuka mafuta, na ninaula hivyohivyo.

Basi pumzika, sitakuja tena na ugomvi huu. Nakuahidi kitu kimoja: atakayekuja hapa kusema lile gari lilimshinda marehemu, nitamtoa uwanjani, hata akiwa padri. Hukushindwa. Ulikuwa bado.

Mkeo,
Mama Anjela