Isale kwenye Televisheni Kubwa

Akheri, Alhamisi

Ningekataa tu. Lakini binti yangu Neema alisema wateja wangefurahi kumwona mzee aliyeanzisha studio, nikaketi nao mbele ya ile televisheni kubwa, blanketi magotini.

Wachumba wawili kutoka Maji ya Chai wanatafuta mtu wa kurekodi harusi yao. Neema akawawekea harusi ya mpwa wangu, kazi yangu ya mwisho. Kwa bahati mbaya aliweka nakala nzima, ambayo sikuikata. Picha ni safi mno, unahesabu hata shanga shingoni mwa bibi harusi.

"Simamisha hapo, dada," yule msichana akasema. "Huyo babu ameshika isale! Anamwomba nani msamaha?"

Alikuwa Anaeli, mdogo wangu, ameninyooshea lile jani.

"Simfahamu," nilisema. Neema akaniangalia, kisha akashusha macho.

Miaka yote nimewaambia watoto kwamba baba yao mdogo hakuwahi kuja kuomba radhi kwa ugomvi wetu wa mpaka wa shamba. Alikuja. Nilijua ukishapokea isale huwezi tena kukataa kusamehe, kwa hiyo sikuondoa mikono kwenye kamera mpaka alipochoka akaondoka. Mwaka jana tulimzika. Nilikaa viti vya nyuma, kama jirani.

Kesho nitamwambia Neema yote, kama pumzi itaniruhusu.

"Babu, wewe ni fundi," kijana alinisifu wakati wa kuaga. "Muda wote ule, na mkono wako haukutetemeka hata kidogo."